Taa za Banza

Jiwe la kwanza lilimpata Banza begani. La pili lilimpasua kichwa.

"Ulilala!" Papa Néhémie alimkaba shingo. "Mutoto wangu amekufa, na wewe ulilala!"

Kazi ya Banza pale uwanja wa ndege njo hiyo moja tu: ndege ikichelewa, awashe taa za mafuta, mistari miwili, huku na huku ya njia ya kutua. Usiku huo ndege ndogo ya kutoka Manono ilichelewa. Ikaanguka ziwani na watu wanne, na mmoja wao alikuwa Glodie, binti wa pekee wa Néhémie.

"Papa, niliziwasha saa moja. Angalia, zinawaka!"

"Umeziwasha baada ya ndege kuanguka! Mulevi wee!"

Hapo watu wakapiga kelele kweli. Banza hakuwa amegusa pombe tangu abatizwe, lakini nani alikuwa na haja ya kukumbuka? Mama mmoja alileta kidumu cha petroli. Mji wa Kalemie ukikasirika hauna sikio.

Na Néhémie si mtu wa kubishiwa. Mitumbwi kumi na sita ya kuvua ndagala, dagaa wa ziwani, ni yake. Juzi, wavuvi wengine walipoingia tena kwenye maji yake, alianza kuipanga kila usiku ukuta huku na ukuta huku, kila mmoja na taa yake, wezi wasipate pa kupenya. Ndege ilipoanguka, yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alimleta binti yake pwani mwenyewe, analia, huku anawafokea wavuvi wake nyuma: "Muntu asisogee, tusipoteze mahali! Atakayesogea nitamuua!"

André, fundi wa redio, akaja mbio, akajitupa katikati.

"Mumuache! Mimi niliongea na piloti. Neno lake la mwisho: 'Taa naziona, mistari miwili, imenyooka. Ninashuka.'"

"Aliziona?" Néhémie alicheka kwa uchungu, akamgeukia Banza. "Basi mbona alishuka kwenye maji? Sema, mbwa wee!"

Kinywa cha Banza kilikuwa kimejaa damu. Aliinua mkono tu, akaonyesha ziwa.

Wote wakageuka. Kule gizani mitumbwi ya Néhémie ilikuwa imesimama vilevile alivyoamuru, minane huku, minane huku, taa zinawaka, na hakuna hata mmoja uliosogea.