Kiganja cha Mama Rukia

Mbaruku alipiga msasa ubavu wa mashua mpaka mkono ukamfa ganzi, ndipo akakiri kwamba kiganja chake hakimwambii ukweli tena. Na bonde dogo kwenye mbao jicho halilioni. Ni kazi ya kiganja. Kwa miaka minne mashua ile ilikuwa imekalia ua wa nyuma, mahali alipomwahidi mkewe jiko, na kwa miaka hiyo yote mkewe hakuigusa hata kwa kidole.

"Mama Rukia," aliita, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kubishana, "njoo unipapasie. Fumba macho. Ukikuta pamebonyea niambie, nijaze puti nianze upya."

Mkewe alifuta unga mikononi kwa kanga, akafumba macho, akapitisha kiganja taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Katikati kilisita. Kikapita, kisha kikarudi palepale.

Mbaruku alikiona kikirudi.

"Vipi?"

Mkewe alifumbua macho. Aliitazama ile mikono iliyovimba, na vumbi la mbao lililomjaa mumewe mpaka kwenye kope.

"Pako sawa, Baba Rukia. Paka rangi tupumzike."

Mbaruku alichuchumaa mbele ya makopo mawili, la rangi na la puti, akashika bisibisi asijue afungue lipi. Alipoinua uso, mkewe alikuwa bado amesimama palepale, dole gumba lake limetulia ndani ya lile bonde, limeenea barabara, kana kwamba lilichongewa.