Futi Shingoni

"Sindano tuliyokuchoma kwenye uvimbe wa shingoni haikutupa jibu," daktari alisema. "Hatuwezi kusema ni saratani, wala kusema siyo. Itabidi tupime zaidi."

Mwanakombo, fundi cherehani, aliivua futi ya kupimia nguo aliyoisahau shingoni tangu asubuhi, akamkabidhi, akainua kidevu. Daktari alikaa nayo kidogo kabla ya kuelewa.

"Si shingo, mama. Tunapima seli tulizozitoa kwenye uvimbe, moja moja, kwa kompyuta. Ukubwa wa kiini cha kila seli, na ukingo wake."

Akamrudishia futi, akamgeuzia kioo cha kompyuta. Viini vya zambarau vilitapakaa kama vifungo vilivyomwagika, karibu vyote duara safi. Mwanakombo hakutulia kitini. Futi aliizungusha kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena. Jicho lake lilinasa pembeni, kwenye kimoja kilichojikunja ukingoni kama kola iliyoshonwa kwa haraka.

"Na hicho?"

"Hicho ndicho kinachotusumbua. Lakini kimoja hakitoshi kutoa hukumu."

"Kwangu kola moja ikijikunja, nguo nzima inarudi."

Daktari alibofya kipanya. Mshale mweupe ulianza kukizunguka kiini kile, polepole. Mwanakombo alijikuta ameirudisha futi shingoni, kidole kimebana pale ilipokutana, na hathubutu kutazama namba iliyo chini yake.