Nyaya Mbili za Fuko

Zamani, wanyama walipoanza kuwekewa mtandao majumbani, Fuko, fundi asiyekubali kosa, aliunganisha swichi, kisanduku cha kugawa mtandao, na ruta ya Kanga kwa nyaya mbili, ili ziwe njia moja pana. Swichi aliielekeza izihesabu nyaya hizo kuwa njia moja, ruta hakuigusa, vikashindwa kuelewana. Mtandao ukakatika.

"Fundi, usaili wangu wa kazi unaanza sasa hivi!" Kanga alilia. "Ruta nayo umeielekeza?"

"Tulia, mama. Ni mawingu tu."

Kanga akauchomoa waya mmoja kwa mdomo. Mtandao ukarudi.

"Umeona?" Fuko akajipiga kifua. "Mawingu yamepita."

Tembo, msaili wake, akatokea kwenye skrini. "Bi Kanga, tunatafuta wa kumsimamia fundi wetu mmoja mkaidi, Fuko. Unaweza kuanza lini?"

"Nimeshaanza, mzee," Kanga alisema, akamtupia Fuko waya. "Haya, kaielekeze ruta."