Nyumba Iliyo Njiani

Mstari wa chokaa ulianzia chini barabarani, ukapanda mlima, ukapita katikati ya migomba hadi kwenye mlango wa nyumba. Hapo ukapanda ukuta. Nyuma ya nyumba ulishuka tena ardhini na kuendelea na safari yake.

"Nani amechora hivi?" aliuliza Leodgar. Alikuwa mratibu mpya wa huduma ya jamii, ametoka ofisi ya kanisa mjini, na pikipiki yake ilikuwa imemshinda nusu ya mlima.

"Mimi," alisema Agnesi. "Shikamoo."

"Marahaba, binti."

Agnesi alikuwa na sururu mkononi na fulana ya huduma juu ya gauni. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akisimama kanisani kutoa ushuhuda, watu wa mabenchi ya nyuma huulizana amesema nini. Wenzake wa kikundi cha Rusimbi walisimama nyuma yake: fundi Elikana na nyundo yake, Scola, na Kuruthumu, ambaye Ijumaa huenda msikitini na Jumamosi huchimba nao barabara.

Njia ilikuwa ya wote. Bajaji haikuweza kufika nyumba za juu. Masika yaliyopita Honorata aliposhikwa na uchungu walimshusha juu ya kiti cha plastiki, watu wanne wakiteleza kwenye tope. Walifika barabarani wamebeba maiti. Sasa Diana wa nyumba ya mwisho alikuwa na mimba ya miezi minane, na mawingu yalishaanza kupanda kutoka upande wa Kongo.

Zilibaki hatua arobaini. Kumi kati ya hizo zilikuwa nyumba.

Leodgar alitoa barua mfukoni. "Haina jina la mwandishi. Inasema kikundi kinataka kumbomolea mjane wa Dismasi, na hana pa kwenda. Ni kweli?"

"Nyumba itabomolewa," alisema Agnesi. "Hilo ni kweli."

"Pitisheni kando."

"Kushoto korongo. Kulia makaburi ya kina Kuruthumu."

"Babu zangu wamelala pale kabla ofisi yenu haijawa na bati," alisema Kuruthumu. "Wakikubali kuhama tutakuita uje ubebe."

Elikana alicheka, kisha akaiangalia nyundo yake.

Leodgar hakucheka. "Mjane amekubali?"

"Ametia saini kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Mnampa nini?"

"Hakuna."

"Hakuna. Halafu mnajiita huduma." Alikunja barua. "Na yale malori mawili ya mawe, aliyetoa hamkumwandika. Ofisi inataka majina."

"Kwetu anayetoa hatajwi. Ofisi iliambiwa tangu tulipojenga tangi la maji."

Leodgar alisogea mlangoni. Palikuwa na kufuli, lakini alibisha hivyo hivyo. "Hodi, mama. Mama, uko ndani?"

"Yuko kazini," alisema Elikana bila kumtazama.

"Mama wa watu anahangaika na vibarua, ninyi mnamvizia atoke mumbomolee."

"Nyumba yenyewe mbovu," alisema Agnesi. "Ukuta wa nyuma una ufa wa kuingia vidole viwili. Mvua ikinyesha, kitanda kinahamishwa."

"Uliingia ukapima ufa wa nyumba ya mtu?"

"Niliuona."

"Nani aliijenga?"

"Dismasi mwenyewe," alisema Kuruthumu. "Asubuhi akitoka ziwani, wenzake wanalala, yeye anafyatua matofali. Mwaka mzima."

"Na hilo haliwagusi?"

Macho ya Scola yalikuwa yamejaa machozi. "Mratibu," alisema, "naomba niseme kitu."

"Scola," alisema Agnesi. "Tulikubaliana."

Scola aligeukia migomba.

"Hata wenzako unawatisha," alisema Leodgar. "Sasa nisikilizeni. Atakayegusa ukuta huu, ofisi itachukua toroli, koleo na sururu zake zote."

Agnesi aliilaza sururu miguuni pake. "Chukua. Tuna majembe ya shamba."

"Na jina lako nitalifuta kwenye huduma."

Agnesi alivua fulana, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya sururu. "Futa. Lakini Diana hatashushwa kwenye kiti."

"Huna huruma, binti. Kijana kama wewe hujui nyumba ni kitu gani kwa mjane."

"Barabara inapita hapa," alisema Agnesi, na safari hii hata waliokuwa wakichimba kule juu walimsikia. "Inapita leo. Ukitaka andika barua, ukitaka leta mkuu wako, akija ataikuta imepita."

Watu wa juu waliacha kuchimba. Leodgar aliwatazama, akamtazama Agnesi, kisha akaegemeza mgongo mlangoni na kutanua mikono.

"Basi mtaanza na mimi. Sitoki hapa mpaka huyo mama aje aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake."

Agnesi alimkaribia. Akapitisha mkono chini ya kwapa lake, akatia ufunguo kwenye kufuli.

"Nipishe basi," alisema, "nitoe godoro langu na picha ya marehemu."