Sahani ya Pembeni

Miaka mitatu sasa, kila alipokuwa nyumbani Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, Appolinaire alikula peke yake nyuma ya nyumba, kwenye sahani isiyochanganywa na nyingine. Mkewe, Kanyange, alimletea chakula mikono ikiwa imeviringishwa kipande cha kitenge, akakiweka chini, akaondoka. Ana haki, Appolinaire alijiambia. Nani ashike sahani ya mwenye ukoma kwa mkono mtupu?

Ukoma aliuona akiwa mdogo, kule Kivu Kusini, Kongo. Mjomba wake Cyiza aliupata, akajengewa kibanda mwisho wa shamba, akafia humo. Na tangu viganja vya Appolinaire vianze kuota sugu ndogondogo, ngumu kama punje za mahindi, mjomba huyo alikuwa akimtokea mchana kweupe. Husimama kando ya maharagwe, akamtazama. Appolinaire alimwogopa kuliko kifo. Ndiyo maana alihama kitanda cha ndoa bila kumweleza mkewe sababu. Aibu ilimfunga mdomo.

Kazi hakuacha. Tangu mwaka 1999 alikuwa kwenye karakana moja ya Mbarara, akitumbukiza nguzo za umeme katika dawa ya kuzuia mchwa. Kila Jumamosi alirudi nyumbani na mzigo wa vipande vya nguzo vya kupikia, vimegeuka kijani kwa dawa hiyo. Alimnyima mkewe mikono yake tu. Kuni hakumnyima hata wiki moja.

Mwaka 2013 kidole chake kimoja kilitoka kidonda kisichopona. Akaenda hospitali. Daktari alikata kipande kidogo cha nyama, kikapimwa, na baada ya wiki mbili akamwita.

"Mzee, hii si ukoma. Ni kansa ya ngozi. Ile dawa ya miti iko na sumu, inaitwa aseniki. Imekuingia polepole, kwa mikono, kwa pua. Hiyo kidole tutakata, utapona. Lakini kazi, wacha."

"Haiambukizaka bantu?"

"Hapana. Enda ushike bibi yako."

Appolinaire alilia mbele ya daktari bila haya. Teksi ilipomshusha Rwekubo, humo Nakivale, alikwenda kwa miguu mbiombio, mzee mzima, kama bwana harusi aliyechelewa. Kando ya maharagwe hapakuwa na mtu.

Kanyange alikuwa jikoni, macho mekundu kwa moshi, akipuliza vile vipande vya kijani.

"Mama Eliane, lete mikono. Munganga anasema sina bukoma. Nilikuwa nakuepusha na ugonjwa, na ugonjwa yenyewe haiambukize. Leo narudi ku kitanda."

Mkewe hakuinuka. Akafungua kitenge cha mikononi, mzunguko kwa mzunguko, akanyoosha viganja vyake kwenye mwanga wa moto. Vilikuwa vimejaa sugu, punje kwa punje.

"Nilizani uliziona," alisema. "Miaka yote hii, nilizani ni miye ulikimbia."