Kivuli Kisicho na Nguzo ya Katikati

"Hapa katikati sitaki nguzo," alisema Mukandayisenga. Akaung'oa mti wa alama ambao fundi alikuwa ameusimamisha uani, akautupa migombani.

Gisubizo, fundi wa kuchomelea, alimgeukia Onésphore, mtoto wa mama huyo, kuomba msaada, kisha akamjibu bibi kizee kwa heshima. "Mukecuru, hii paa ni mupana. Bila nguzo itabonyea."

"Tia chuma nene. Watu watakaa huku na huku, katikati ibaki wazi."

Onésphore alikuwa ametoka Kigali asubuhi ile kumshawishi mama yake ahamie kwake, karibu na hospitali kubwa, maana daktari alishasema moyo wake umechoka. Badala yake alimkuta anachagua paa la kufunika ua wa nyuma. Eti katikati pabaki wazi! Kwenye matanga ya baba yake jeneza lilikaa papo hapo, watu wakiwa huku na huku, mvua ikapasua turubai la kukodi na waombolezaji wakalowa chapachapa.

"Mama, kama ni kivuli tu, kodi hema."

"Hema ya kukodi wanaikunja kesho yake. Yangu itabaki."

"Basi panda matunda ya marakuja, yatambae juu ya miti."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mi niko na muda ya kungojea marakuja?"

Gisubizo akataja plastiki ya kupitisha mwanga. Ashwi, mama akakataa, jua litatupika. Nyasi? Ashwi, panya watazalia humo. Mabati matupu? Ashwi tena, mvua ikipiga nani atasikia maneno, na siku hiyo maneno yatakuwa mengi. Mwishowe mama alichagua mabati meupe yenye dari ya mbao chini yake, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Onésphore alinong'ona, kisha akajiuma ulimi. Methali zote hizi, na yeye akaiokota hiyo!

Dalili alikuwa ameziona. Mama amekonda. Kila wiki alipanda pikipiki hadi Nyamyumba kuloweka miguu kwenye chemchemi za maji ya moto, na huko, alisema mwenyewe, mwalimu mstaafu aitwaye Protais humshika mkono asiteleze. Mama yake, aliyekuwa akilima shamba la Rugerero kutwa nzima, leo ni wa kushikwa mkono! Tena alishapimwa mushanana mpya, vazi la heshima la wanawake, kwa Nasrine, fundi cherehani. "Ya siku yangu," alimwambia mwanawe bila kupepesa macho.

Mama alipomsindikiza hadi kwenye gari, alisema, "Mwisho wa mwezi, Jumamosi, siku ya posho, uje na koti. Familia yote itakuwa hapa. We ndiye mukubwa wa nyumba. Utasimama katikati, useme yenye iko mu roho yako. Usiandike kitu."

"Mama, niambie ukweli. Hii ni nini?"

"Nikikuambia utanikataza. Donc, sikuambii."

Onésphore hakuhitaji kuambiwa. Wazee wa kwao wakihisi safari imekaribia, huwaita jamaa na kuwapa irage, neno la mwisho la kugawa na kuagana. Alilia karibu njia nzima hadi Kigali, na alipochoka kulia akakasirika. Hakutaka irage. Hakutaka nyumba wala shamba. Alimtaka mama yake, mzima, na ukaidi wake wote.

Siku ilipofika alichelewa, kwa sababu alianza kwa kumtafutia mama kitanda hospitalini. Alikuwa ameapa kuondoka naye jioni ile, hata kama ni kwa kumbeba mgongoni. Alizunguka nyumba bila kumsalimu mtu. Paa jeupe lilikuwa limesimama imara, halikubonyea hata kidogo. Upande mmoja walikaa mama zake wadogo na majirani. Upande wa pili walikaa wageni asiowajua, wazee wenye fimbo wakiwa mbele. Mama mwenyewe hakuonekana. Bila shaka alikuwa amelala chumbani, hana nguvu za kutoka.

Hakungoja kukaribishwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka katikati, pale ambapo nguzo ilikataliwa, akapaza sauti.

"Munisikie wote! Kama iko mutu amekuja hapa juu ya mama, arudi kwao! Mama haendi popote! Ni wangu, na mi sitamutoa, hata mungenipa nini!"

Wageni wakapiga makofi, mama zake wadogo wakapiga vigelegele, na mzee mmoja wa upande wa wageni akainuka kwa fimbo yake, akavua kofia, akashangaa kwa furaha.

"Yampaye inka, huyu kijana anajua desturi! Mukubwa wa nyumba lazima akatae kwanza, na we umekataa vizuri kushinda wote nimesikia," alisema, akimshika bega mzee aliyekaa kando yake akitabasamu chini ya kofia mpya. "Bon. Ng'ombe ya Protais wetu iko pale inje, muzuri sana. Sasa mutuitie bibi arusi."