Walioko Ng'ambo ya Ruvuma

"Sikai," alisema Adija. "Meja anijibu kwanza."

Mkutano mzima wa Kitangari ukamgeukia. Mwenyekiti wa kijiji alimpungia mkono akae, kwa mara nyingine, naye akazidi kuikaza kanga kiunoni. Meja alikuwa ametoka Newala kuja kuwaeleza wananchi kwamba majeshi ya nchi jirani, yaliyoungana kuisaidia Msumbiji kupambana na magaidi, yameanza kufungasha. Sasa serikali inapima: vijana wa Tanzania nao warudi, au wabaki ng'ambo ya Ruvuma?

"Tuliingia na wenzetu," Adija aliendelea. "Wenzetu wanaondoka, sisi tubaki kufanya nini? Abdulrazaki wangu yuko kule mwaka wa pili huu. Kama ni mto, waulinde wakiwa upande wa kwetu. Rudisheni watoto!"

Vigelegele vikapaa. Hata wazee waliokuja kusinzia walipiga makofi. Adija, kifua mbele, akamtafuta kwa macho shoga yake Zabibu, ili naye aongezee la kwake.

Kijiji kiliwaita mama wa askari, wote wawili. Mfaume wa Zabibu aliondoka katikati ya palizi ya mikorosho, bila kuaga. Watu walipouliza, mama yake alijibu kwa mkato kwamba yuko ng'ambo, kashika bunduki. Hakuwahi kuonyesha picha, wala simu ya Mfaume haikuwahi kuingia. Watu wakasema mambo ya jeshi yana siri zake, wakaacha kumchimba.

Ndiyo maana Abdulrazaki alipopiga, Adija hakusikiliza peke yake. Alimwita Zabibu, jirani yake wa ng'ambo ya ua, simu ikawekwa katikati yao. Zabibu hakuwa na maswali mengi. Siku moja tu aliuliza, "Mwanangu, hao wanaojisalimisha, mnawapa chakula?"

"Wanakula tunachokula sisi, mama mdogo," Abdulrazaki alijibu akicheka.

Zabibu alishukuru mara tatu. Adija akajisemea, huyu mwanamke ana huruma hata kwa maadui.

Sasa Zabibu alikuwa amesimama. Mwembamba, sauti yake haijazoea mikutano.

"Meja," alisema, "wasirudi."

"Wenzao wakiondoka, waondoke. Wetu wabaki, hata wakibaki peke yao. Nimemaliza."

"Kaa chini wewe!" mtu alifoka kutoka nyuma.

"Siketi! Umenisikia? Wabaki!"

Minong'ono ikageuka matusi. Mwanamke mmoja alivuta mkeka wake asikae karibu naye. Zabibu hakutikisika; alibaki wima hadi mwenyekiti alipofunga mkutano.

Njiani kurudi nyumbani Adija alitangulia, akitembea kama anayekanyaga nyoka. Zabibu alimfuata nyuma. Walipolipita shamba la mwisho la mihogo, wakiwa wawili tu, Adija aligeuka.

"Mama Mfaume, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mtoto wangu anakuita mama mdogo. Leo umesimama mbele ya watu ukamwombea kifo!"

"Nisingeweza kumwombea kifo Abdulrazaki. Mungu ananiona."

"Basi umeomba nini?" Machozi yalikuwa yakimtiririka Adija, wala hakuyafuta. "Unataka waletwe kwenye masanduku? Eh? Kila gari la jeshi likipita barabarani, mimi moyo unasimama. Wako hausimami?"

"Wangu ulisimama zamani, Mama Abdulrazaki."

"Sasa huo ukaidi wa nini! Watu wamekutukana, kesho hawatakusalimia kisimani."

"Wasinisalimie. Wakinipa nafasi kesho, nitasimama tena niseme yale yale."

Adija alimshika mabega akamtikisa. "Na wewe si una mtoto kule? Jeshi likirudi, Mfaume naye si atarudi?"

Zabibu aliitoa mikono ile mabegani kwake, taratibu, moja baada ya nyingine, akamtazama shoga yake usoni bila kupepesa.

"Jeshi likirudi, Abdulrazaki atarudi nalo," alisema. "Mfaume wangu nani atamkamata akiwa hai?"